Kamba ya Mfaume

Somoe alipokichomeka kisikilizi kwenye mkorosho wa kwanza hakusikia kitu, akadhani betri imekufa. Akahamia mkorosho wa pili. Kimya. Kufika wa kumi na kitu hivi aliacha kuilaumu betri, akaanza kujilaumu mwenyewe.

Mashina yote ya mikorosho ya uwanda wa Newala yalikuwa yamebanwa masikio, vidude vyeusi vidogo kama kifungo cha koti, tangu ile sheria ya udongo ilipopiga marufuku dawa za viwandani. Masikio yalisikiliza nyayo za chungu. Mkulima aliyetaka kujua hali ya shamba lake hakutazama majani, alichomeka waya akasikiliza, na kama mambo ni mazuri alisikia mchakacho mwembamba, kama mvua ndogo inayoanza kudondoka kwenye makuti. Hao ni majimoto, chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, na jina hilo hawakupewa bure: anayeng'atwa nao huruka kama aliyemwagiwa birika. Lakini ndio waliokuwa wakimsaka mbu wa mikorosho, yule mdudu mwembamba anayefyonza machipukizi mpaka yakanyauka na kuwa meusi. Palipokuwa na mchakacho palikuwa na korosho. Palipokuwa na kimya palikuwa na kuni.

Alipasua nyumba moja ya majani. Chungu walikuwa ndani wamejikunja, na kwenye maungio ya miguu yao palikuwa na unga mweupe, laini, mithili ya unga wa muhogo uliopepetwa vizuri. Somoe aliufahamu unga ule. Aliulea yeye, kwa mikono yake, katika vyumba vya baridi vya kituo cha ushirika, na siku ulipotolewa mashambani alipigwa picha akicheka.

Alimtia chungu mmoja katika kichupa, akaenda kituoni mbio mbio bila hata kufunga mlango wa nyumba.

*

Dokta Liwowa, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa kunywa chai taratibu. Alipoona kichupa aliiweka chini.

"Huyo kafa kwa nini?"

"Kafa kwa Hodi, Daktari."

Hodi ndilo jina ambalo wakulima waliipa ile kuvu, na lilikuwa jina zuri kuliko lile refu la kwenye makaratasi. Kuvu za zamani zilimuua kila mdudu ziliyemgusa. Hii ilifundishwa adabu. Chembe yake ikitua juu ya mdudu haimwingii papo hapo, inanusa kwanza. Kila mdudu ana nta yake mwilini, na kila nta ina harufu yake. Chembe ikikuta nta ya mbu wa mikorosho, inachipua, inatoboa ganda, inaingia na kumla kutoka ndani. Ikikuta nta nyingine inalala tu mpaka ikauke. Nyuki walipita salama. Vipepeo walipita salama. Majimoto wa kituoni walipakwa kuvu ile mwili mzima, na walitembea nayo mwezi mzima bila hata mmoja wao kuyumba. Somoe ndiye aliyewapaka.

"Haiwezekani," Liwowa akasema. "Nta ya chungu siyo nta ya mbu."

Somoe alifungua kichupa. Alimweka yule chungu ndani ya mashine ya kunusa, ile ambayo wenyewe waliiita Pua, na wakasimama bega kwa bega kusubiri. Pua ilichora mistari ya nta ya chungu, kama ilivyotarajiwa. Kisha juu yake ikachora mistari mingine. Nta ya mbu, imempaka chungu kuanzia kichwani hadi mkiani.

Liwowa alivuta kiti akakaa.

"Anamla," Somoe akasema. "Anamkamata, anambeba mpaka nyumbani, wanamgawana. Kisha wanalambana, ndivyo wanavyoishi. Chungu mwindaji mzuri ananuka mbu. Na nyumba nzima yenye wawindaji wazuri inanuka mbu, mpaka watoto, mpaka malkia."

"Na wale tuliowapima hapa?"

"Hawakuwahi kumwonja mbu hata siku moja."

"Uliwalisha nini?"

"Si unajua, Daktari. Maji ya sukari na unga wa dagaa."

"Kwa nini?"

Hapo Somoe alicheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha. "Kwa sababu ulikataza mbu wasiingizwe kituoni. Uliogopa watatoroka. Nami sikuuliza mara mbili, maana dagaa ilikuwa rahisi. Tuliwapima chungu wageni waalikwa, Daktari, tukawafikishia hukumu chungu wenye kazi."

Akakigonga kichupa mezani. Ingekuwa kuvu imewaua chungu wavivu, wale wanaokaa kufuga vidukari na kulamba utamu, angeweza kulala usingizi. Lakini ilichagua. Kila mmoja ilimuua kwa kadiri alivyokuwa na faida.

Liwowa aligeukia ramani ya ukutani, ambako kila shamba lililosikika lilikuwa na taa yake ya kijani. Miezi miwili nyuma ukuta ule ulimeremeta. Sasa ulikuwa giza tupu, na wao walikuwa wamejiambia kwamba ni masikio yanayohitaji kubadilishwa. Taa moja tu ilikuwa ikiwaka, pembezoni kabisa, ng'ambo ya barabara kuu, pale uwanda unapokatika na kuteremka bondeni.

"Hilo ni shamba la nani?"

"La Bi. Esha," Somoe akajibu. "Alikataa Hodi. Alituambia mgeni asiyeonekana kwa macho hampokei kwake."

"Na upepo huku unatoka kwake, hauendi kwake. Sawa. Lakini pale kuna kamba." Alikaribia ramani akaweka kidole. "Inatoka kwake, inavuka barabara, inaingia shamba hili. Mbona haijampelekea ugonjwa?"

"Inapita juu ya lami. Jua la pale linakausha chembe, chungu mgonjwa anafia njiani. Ila kipupwe kinakuja. Umande ukianza kulowesha kamba asubuhi mpaka saa nne, watavuka vizuri kabisa."

"Basi kamba ikatwe leo. Wale ndio majimoto wa mwisho wanaowinda uwanda mzima, Somoe. Wakifa wale, hatuna mbegu. Hili la pili ni shamba la nani?"

"Langu."

Liwowa akaondoa kidole kwenye ramani. Alikuwa mtu wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa. Siku ya arusi kamba hufungwa kutoka mkorosho wa mama wa bwana arusi hadi mkorosho wa bibi arusi, na watu wote hukaa chini kusubiri, hata iwe kutwa nzima, mpaka chungu wa kwanza afike kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo vigelegele hupigwa. Kamba ikiwapo, bibi arusi ni mtoto wa nyumba ile, hata mume akifa. Ikikatwa, undugu umekwisha, na haifungwi tena kati ya mashamba hayo mawili, hata kwa dawa.

"Mumeo alikuwa mwanawe," Liwowa akasema kwa sauti ya chini.

"Mtoto wake wa pekee."

"Ngoja basi niandike taarifa makao makuu. Tukitangaza kabla ya wao kujibu, watu watakuja kutuchoma humu ndani."

"Kipupwe hakingoji makao makuu, Daktari," Somoe akasema, akachukua kichupa chake.

*

Bi. Esha alikuwa barazani, chungu cha ming'oko, vile viazi mwitu, kinatokota mekoni, na waya wa kisikilizi umepita chini ya kanga yake hadi sikioni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, aliyekula chumvi nyingi na asiyetaka mtu amsaidie kubeba hata ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogea, keti. Leo Mfaume ana haraka, msikilize." Akatoa kile kidude sikioni, akakifuta kwa upindo wa kanga, akampa.

Somoe alikiweka sikioni. Sikio la Bi. Esha halikubanwa kwenye mti, lilibanwa kwenye kamba yenyewe. Nyayo zilipita, chache, nyepesi, zikienda zikirudi. Mfaume, marehemu mumewe, ndiye aliyepanda ngazi kuifunga kamba ile kwa mkono wake, akang'atwa mpaka uso ukavimba, na katika picha zote za arusi yao anaonekana na jicho moja tu. Homa ilimchukua kabla hawajapata mtoto. Tangu hapo mama yake husikiliza.

"Usinitazame hivyo," Bi. Esha akasema. "Sijapata wazimu. Najua ni chungu. Ila ni wale wale aliowavusha yeye, wanapita njia aliyoifunga yeye. Wewe una kaburi lake kule kwako, mimi nina hii."

Somoe alirudisha kisikilizi. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoroka, akayasema ovyo ovyo: kuvu, nta, dagaa, umande, kamba. Bi. Esha alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akiigeuza ming'oko kwa mwiko.

"Kwa hiyo mlikosea."

"Tulikosea, mama. Mimi nilikosea."

"Mlipokuja na kuvu yenu nikaikataa, mkaniita mshamba wa mwisho. Kijana wenu mmoja alisema hivyo hapa hapa barazani kwangu, akiwa na chai yangu mkononi. Sasa imeharibika huko kwenu, na kinachokatwa ni cha kwangu. Sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Angalau hudanganyi." Akaweka mwiko chini. "Nenda kakate mikorosho yako. Kata na huu mguu wangu unaoniuma. Kamba ile hapana. Nikifa, kaikate siku ya pili."

"Kipupwe kikifika na kamba ipo, wote watakufa. Wako pia. Na wakifa wako hakuna shamba tena huku, si Newala, si Tandahimba. Watu watakula nini?"

"Mimi sikuwaambia watu wapokee kuvu."

"Watoto wao je?"

Bi. Esha aligeuza uso akatazama bondeni. Alipoongea tena sauti ilikuwa kavu.

"Waache wafe wakiwa ndugu. Wengi wamekufa bila hata hicho."

Somoe alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alitafuta mtu wa kumtupia mzigo ule. Hakumpata. Angeweza kumwacha mama mzee na kamba yake, akae naye, ale naye ming'oko, na mwezi ujao wazike wote wawili kila kitu kilichobaki. Huo ungekuwa upendo, na hakuna ambaye angemlaumu. Au angeweza kuikata. Basi mkono ule ule uliowaua chungu wa uwanda mzima ungekuja kummalizia Bi. Esha sauti ya mwanawe, tena kwa faida ya watu waliomcheka. Aliwaza hivi, akawaza vile, na kila upande ulimnukia vibaya. Asubuhi ya tatu alitoka nje akagusa kamba upande wa kwake. Ilikuwa na unyevu.

*

Alikwenda saa sita mchana, jua likiwa utosini, maana saa hiyo chungu hukimbilia kwenye majani na kamba hubaki tupu. Angependa kuikata upande wake, pasipo mtu kumwona. Lakini ikikatwa huko, kipande kirefu kingebaki kikining'inia kwenye mkorosho wa Bi. Esha, na chochote kilichokuwa juu yake kingepanda kwake. Ilibidi ikatwe kule, mwanzo kabisa wa kamba, pale kwenye fundo.

Alivuka barabara na ngazi begani na kisu kiunoni. Bi. Esha alikuwa barazani, waya sikioni. Alimwona. Hakuinuka, hakupiga kelele. Alimtazama akiegemeza ngazi kwenye mkorosho, akipanda, akifika penye fundo la Mfaume, fundo kubwa baya la mtu aliyefunga huku anang'atwa.

Majimoto walimtokea pale pale, wazima, wekundu, wenye hasira, wakamng'ata shingoni na kwenye kope. Hakuwapangusa. Katika miezi ile yote hakuwa amehisi kitu kizuri kama maumivu yale. Akapiga moyo konde, akakata.

Kamba ilidondoka ikapita juu ya lami kama mjeledi, ikalala.

Aliposhuka, Bi. Esha alikuwa ametoa kisikilizi. Alikitikisa, kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni, akakirudisha, akakitoa tena. Kisha akakiweka juu ya kinu na kukifunika kwa kibakuli.

"Mama..." Somoe akaanza, uso umeshavimba.

"Umemaliza, mgeni?" Bi. Esha akamuuliza kwa upole wote. "Njia ile pale."

Somoe alibeba ngazi yake akaondoka. Alilia alipofika katikati ya barabara, kwa sauti, mchana kweupe, na lori la mihogo lilisimama kumpisha.

*

Chungu wa Bi. Esha hawakufa. Kipupwe kilikuja, kikapita, na cha pili kikapita, na taa yake moja iliendelea kuwaka ukutani. Makao makuu yalijibu hatimaye, yakaiita habari nzima hitilafu ya majaribio, na Dokta Liwowa akapandishwa cheo akahamia huko. Kijijini watu walifagia majani, wakachoma, wakageuza udongo juani, na Somoe alipita kila shamba na Pua begani kuwaambia pamesafika au bado. Walimpokea, walimpa maji, hawakumpa kiti.

Shamba moja tu Pua ilikataa kulipitisha. Lilikuwa shamba la mfano, la kwanza kupokea Hodi na lililomwagiwa nyingi kuliko yote, na kuvu ilikwisha kufanya makazi kwenye udongo wake. Somoe alipima tena na tena. Pua haikumwonea haya mwenye shamba, aliyeilea kuvu ile kwa mikono yake.

Ndipo Bi. Esha alipotangaza kwamba anatoa chungu. Kwa kila anayetaka, bila mahari, bila masharti, mradi kamba ifungwe kama ipasavyo na chungu watembee wenyewe. Kijiji kizima kilijitokeza kusokota kamba. Shida ikawa moja: kutoka kwake kwenda kwa wengine hakuna njia ila kupita juu ya shamba la Somoe, na kamba ndefu hulegea katikati. Ikigusa hata jani moja pale, mambo yamerudi yalikoanzia.

"Wewe ndiye unayejua hatari yake," mwenyekiti wa kijiji alimwambia, akitazama viatu vyake. "Usimame hapo na mti wenye panda, uinyanyue, mpaka tuweke nguzo."

Akasimama. Tangu asubuhi alisimama katikati ya mikorosho yake iliyonyauka machipukizi, mikono juu, kamba imekaa kwenye panda. Bega liliwaka moto. Kitu kidogo tu kilihitajika, kushusha mikono kwa urefu wa kiganja, na kamba ingegusa tawi, na kwa siku chache angechomeka kisikilizi na kusikia ile mvua ndogo tena shambani kwake. Kwa siku chache. Aliinyanyua zaidi.

Bi. Esha alipita barabarani na fimbo yake, akielekea ng'ambo ambako watu walikuwa wamekaa chini wakisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Bi. Esha akajibu, kama anavyomjibu mpita njia yeyote, asipunguze mwendo.

Kisha wakaja. Aliwaona kwanza kama uzi mwekundu, halafu mmoja mmoja, wamenyanyua matumbo juu, wanapita juu ya kichwa chake bila kumjua. Mmoja aliteleza kwenye panda, akadondoka, akatua juu ya kiganja chake, akamng'ata papo hapo kwa nguvu zake zote.

Somoe alimtazama. Alikuwa mwindaji, mnene, mwenye afya. Alikuwa ameshagusa ngozi ya mtu anayeishi kwenye udongo ule, hakuweza kurudishwa juu awapelekee wenzake kuvu. Ng'ambo ya shamba vigelegele vililipuka. Chungu wa kwanza alikuwa amefika. Somoe alimwacha wake amalize kung'ata, kisha akamkandamiza kwa kidole gumba kwenye mti wa panda, taratibu, huku mikono yote miwili ikiwa bado juu.